Kivuli Nyuma ya Setilaiti

Mjomba wangu, mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi, aliniuliza swali ambalo wanafunzi wangu huliruka: setilaiti hupimaje umeme mahali pasipo na waya wala nguzo? Nilimjibu kwamba waya upo, ila setilaiti huubeba yenyewe.

Setilaiti nne za Cluster, ambazo Shirika la Anga la Ulaya lilizirusha mwaka 2000 kuchunguza magnetosfia, yaani anga linalotawaliwa na uga wa sumaku wa Dunia, kila moja ilikuwa na nyaya nne za mita 44, na kwenye ncha ya kila waya tufe la sentimita 8. Setilaiti ilijizungusha mara moja kila sekunde 4 hivi, na mzunguko huo ndio ulionyoosha nyaya. Tofauti ya volti kati ya matufe mawili yanayokabiliana, ikigawanywa kwa mita 88, hutoa uga wa umeme. Hesabu ni nyepesi. Kazi si nyepesi. Uga huo mara nyingi haufiki milivolti 1 kwa mita, ilhali setilaiti yenyewe, kwa kupigwa na mwanga wa jua, hupoteza elektroni na kubaki na volti chanya kadhaa, na penye plazima hafifu, yaani gesi ya elektroni na ioni (atomu zilizopoteza elektroni), hufikia makumi ya volti. (Volti hizo si hasara tupu, kwani hutuwezesha kukadiria wingi wa plazima.)

Taabu kubwa ilijitokeza juu ya ncha za Dunia, ambako ioni baridi za haidrojeni hutiririka kutoka ionosfia, tabaka la juu la angahewa lenye ioni nyingi, kwenda nje. Nishati yake ni ndogo kuliko kizuizi cha volti za setilaiti, kwa hiyo hufukuzwa kabla ya kukifikia kifaa cha kuzihesabu, nacho huonyesha kana kwamba hakuna kitu. Nyuma ya setilaiti hubaki uwazi usio na ioni. Elektroni, kwa wepesi wake, huuingia, na hapo huzuka uga wa umeme ambao haumo katika anga lenyewe.

“Kama maji nyuma ya mtumbwi,” mjomba alisema. Ndivyo, mjomba, ila hapa volti husukuma ioni pembeni, hata kivuli kikawa kipana kuliko chombo.

Tuliutambua uga huo bandia kwa sababu Cluster ilibeba pia kifaa kinachorusha miale ya elektroni, ambazo uga wa sumaku huzizungusha katika duara kubwa mno kuliko setilaiti na kuzirudisha, hivyo kivuli hakiziyumbishi sana. Vifaa viwili vikitofautiana, tofauti hiyo huonyesha ioni zinaelekea wapi. Ukiongeza vipimo vya sumaku, unapata na kasi. Kasi hiyo ikizidishwa kwa wingi uliokadiriwa kutokana na volti, ioni ambazo kifaa hakikuziona zinahesabika.

Mjomba akauliza kama kivuli hicho huwapo wakati wote. Hapana: ioni zikiwa na joto, mwendo wake wa huku na huko huujaza uwazi upesi, na vifaa vyote viwili husema jambo moja.