Kupanga safu za PHP kwa sehemu unayoitaka: dhana potofu na ukweli

Tuseme unaandika programu kwa lugha ya PHP na una safu (array, yaani orodha ya vitu) $milima, na kila mlima ndani yake ni safu ndogo yenye 'jina', 'nchi' na 'urefu'.

Dhana: usort, amri ya PHP ya kupanga safu kwa kanuni unayoiandika mwenyewe, hukurudishia safu iliyopangwa.
Hupanga safu ileile uliyoipa, kisha hurudisha true. Ukiandika $milima = usort(...), milima yote imepotea na umebaki na true mkononi.

Dhana: kulinganisha namba ni kutoa moja kwenye nyingine. (Kanuni unayoipa usort hupokea vitu viwili, $a na $b, na kurudisha namba inayosema kipi kitangulie.)
Kwa namba kamili za kawaida, sawa. Kwa desimali ni mtego. Urefu ukiwa kwa kilomita, Kilimanjaro ni 5.895 na Mlima Kenya 5.199, tofauti yake 0.696. Lakini usort inataka kanuni yako irudishe namba kamili, hivyo PHP hukata desimali na kubakiwa na 0, yaani milima hiyo miwili inalingana! Hakuna onyo lolote litakalotokea, orodha itakuja tu imevurugika. Tumia alama ya kulinganisha iliyoletwa na PHP 7.0 mwaka 2015, ile iliyo kati ya $a['urefu'] na $b['urefu'] hapa:

usort($milima, fn($a, $b) => $a['urefu'] <=> $b['urefu']);

(fn, njia fupi ya kuandika kanuni hiyo, inahitaji PHP 7.4 au zaidi.) Ukitaka mrefu zaidi atangulie, badilishana nafasi za $a na $b, basi.

Dhana: kurudisha true au false kunatosha.
Wengi bado huandika kwa alama ya > peke yake. Majibu yanayowezekana ni matatu: chini ya sifuri ($a hutangulia), sifuri (vinalingana), juu ya sifuri ($b hutangulia). Tangu 8.0, PHP hutoa onyo ukirudisha true au false.

Dhana: kupanga kwa sehemu mbili kunahitaji mlolongo wa if.
Linganisha safu mbili kwa mkupuo:

[$a['nchi'], $b['urefu']] <=> [$b['nchi'], $a['urefu']]

Hapo nchi zinakwenda kwa alfabeti, na ndani ya kila nchi mlima mrefu unatangulia. Binafsi naiona safi kuliko array_multisort, amri nyingine ya PHP ya kupanga.

Dhana: funguo (namba au majina yanayotambulisha kila kitu ndani ya safu) hubaki.
usort huzifuta na kuhesabu upya kuanzia 0. Kama funguo zako ni namba za kumbukumbu kutoka hifadhidata, tumia uasort, ambayo huziacha kama zilivyo.

Dhana: vinavyolingana hubaki kwa mpangilio wake wa awali.
Ni kweli kuanzia 8.0, iliyotoka Novemba 2020. Seva yenye toleo la zamani haikuahidi hivyo.