Ngoma ikirindima, kamera yako inasikia nini?

Wanaoniletea video zao hapa Bagamoyo huniuliza kuhusu kamera: ninunue ipi, ya bei gani, yenye pikseli ngapi. Nikizifungua hizo video, picha mara nyingi inatosha. Kinachoziangusha ni sauti. Mtazamaji atavumilia picha yenye ukungu kidogo, lakini maneno asipoyasikia anazima. Kwa hiyo nitaanza na sauti, na nitakaa hapo zaidi.

Kamkoda ya kawaida ina maiki ndogo karibu na lenzi, na ndani yake kuna kidhibiti cha sauti kinachojiendesha chenyewe. Pakiwa kimya kinapandisha, pakiwa na kelele kinashusha. Kwa mazungumzo ya sebuleni kinafaa sana. Kwa ngoma kinaharibu. Vumi, ile ngoma kubwa yenye sauti nzito, likipigwa, kidhibiti kinashusha kila kitu, pamoja na sauti ya manju. Vumi likitulia kinapandisha tena, na hapo unawasikia watu wanaopiga soga nyuma yako kuliko wimbo wenyewe. Sauti ya namna hiyo, inayopanda na kushuka bila mpango, ni ngumu mno kuinyoosha baadaye kwenye kompyuta.

Ingia kwenye menyu, tafuta kiwango cha maiki, ukitoe kwenye otomatiki. Kamera nyingine za bei nafuu zina chaguo mbili tu, juu na chini. Kwa ngoma chagua chini. Kisha pima. Wakati mzuri wa kupima ni pale ngoma zinapopashwa moto ili ngozi zikaze: waombe masogora wapige kwa nguvu watakayoitumia ngoma ikishakolea, si kwa kugusagusa. Pigo kubwa kabisa liishie kati ya -12 na -6 desibeli kwenye mistari ya sauti inayoonekana kwenye skrini. Likigonga 0, sauti inakatwa kichwa na kuanza kukwaruza, na kilichokatwa hakirudi. Sauti iliyo chini kidogo unaweza kuipandisha baadaye. Iliyopasuka huna la kuifanya.

Nalisisitiza hili kwa sababu nyimbo nyingi za mdundiko na za ngoma nyingine za pwani hazijaandikwa popote. Zimo vichwani mwa watu wazima wachache, na video yako inaweza kuwa ndiyo nakala pekee itakayobaki. Na kabla ya kuwasha kamera, omba ruhusa kwa wenye ngoma. Mambo ya unyago hayarekodiwi, hata kama hakuna aliyekukataza kwa mdomo.

Jambo la pili ni umbali. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua desibeli 6. Mzee anakusimulia habari za Kaole, yale magofu ya kale hapa jirani, nawe umesimama mita 4 badala ya mita 1: sauti yake imepungua desibeli 12, ilhali upepo na mawimbi viko palepale. Zumu inaivuta sura yake, sauti haiivuti. Tumia maiki ya kubana kwenye nguo, kama shibiri moja chini ya kidevu. Kamera ikiwa haina tundu la maiki, simu inatosha: iweke kwenye hali ya ndege, chomeka maiki, itie mfukoni mwa mzee, washa kinasa sauti, halafu piga kofi moja mbele ya lenzi. Kwenye kuhariri utalinganisha mlio wa kofi na picha ya viganja vinapokutana. Kofi lipigwe karibu na maiki, maana sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Kwa video ya picha 25 kwa sekunde, kila mita 13 na ushei ni kuchelewa kwa picha moja.

Upepo wa hapa unaujua. Iwe kaskazi au kusi, ufukweni maiki tupu inatoa mngurumo tu. Sponji inazuia pumzi za msemaji, lakini upepo wa baharini unataka kifuniko cha manyoya. Kama menyu ina kichujio cha upepo, kiwashe kwa mazungumzo, ila kwa ngoma kizime, kwani kinakula uzito wa vumi.

Kwenye harusi mara nyingi utaruhusiwa kuchukua sauti kwenye mikisa ya MC, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Ni vizuri, lakini sauti itokayo huko ina nguvu kubwa kuliko inayotarajiwa na tundu la maiki, kwa hiyo tumia waya wenye kipunguza nguvu. Popote ulipo, vaa hedifoni za kufunika masikio tangu mwanzo hadi mwisho. Mistari ya kwenye skrini inaonyesha kuwa kuna sauti. Haikwambii kama ni ya bwana harusi au ya jenereta.

Kwa picha, kitu cha kwanza ni jua. Bahari yetu iko mashariki, kwa hiyo asubuhi ukimsimamisha mtu akiwa ameipa bahari mgongo atatoka kivuli kitupu. Mwambie, "Mzee, naomba ugeukie baharini kidogo," na uso utawaka. Alasiri ni kinyume chake. Mchana epuka kabisa ukiweza, hasa mwanzoni mwa Machi na Oktoba, jua linapopita karibu utosini na macho yote yanageuka mashimo meusi.

Kitu cha pili ni ngozi zetu. Kamera ikiona kanzu nyeupe, shela au mchanga mweupe, inapunguza mwanga wa picha nzima na uso unazama. Sogea hadi uso ujaze skrini, funga mwanga hapo ili kamera isiubadilishe tena, kisha rudi nyuma. Kanzu ikipoteza mikunjo kidogo si neno. Watu wanataka kuona uso wa ndugu yao.

Ndani ya ukumbi, kumbuka umeme wetu ni wa hezi 50. Kamera iliyotengenezwa kwa soko la Marekani au Japani mara nyingi hufuata hezi 60, na chini ya tyubulaiti picha inaweza kupitiwa na mistari inayotembea. Weka shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, kwenye sekunde 1/50 au 1/100 kwa mkono, na mistari itatoweka au itapungua sana.