Lalamiko dhidi ya diwani: kazi kubwa iko kwenye barua ya kwanza

"Diwani wetu hana adabu, anatudharau wananchi. Tunaomba achukuliwe hatua." Barua nyingi zinazotufikia sisi tunaoshughulikia maadili ya madiwani ni za namna hii. Hasira iliyomo ni ya kweli, na mara nyingi ina sababu. Ila humo hamna tuhuma inayochunguzika. Alifanya nini hasa, lini, mbele ya nani?

Ndiyo maana kabla sijafungua jalada la uchunguzi humtafuta mlalamikaji, nikazungumza naye mpaka tuhuma ikae kwenye sentensi moja au mbili. Mathalani: katika kikao cha kamati ya fedha, diwani alimwita mhasibu mwizi mbele ya wajumbe, hakutoa ushahidi wowote, na mwenyekiti alipomtaka afute kauli alikataa. Hapo pana pa kushika. Upo muhtasari wa kikao, yupo mwenyekiti, wapo waliosikia, na kipo kifungu cha kanuni kinachomtaka diwani awaheshimu watumishi. Diwani naye anajua anajibu nini. Naing'ang'ania hatua hii kuliko zote, kwa sababu uchunguzi unaoanza na tuhuma ya jumla jumla huishia kupekua maisha yote ya mtu, na mwisho wake si mlalamikaji anayeridhika wala diwani anayetendewa haki.

Swali linalofuata ni kama wakati ule alikuwa kwenye shughuli za udiwani. Mwaka 2005 Ken Livingstone, wakati huo meya wa London, alikuwa akitoka kwenye hafla ya jioni alipomfananisha mwandishi wa habari na mlinzi wa kambi ya mateso. Mwaka 2006 jopo la maadili liliamua asimamishwe kazi kwa wiki 4. Oktoba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikatengua uamuzi huo, ikaona kwamba pale hakuwa akitekeleza kazi za umeya. Najua hukumu hiyo inawakera wengi, lakini mimi naikubali. Kanuni za maadili zinalinda dhamana ya uongozi. Hazikutungwa kumfuata mtu mpaka kwenye ugomvi wake na shemeji. Mitandao ya kijamii ndiyo imefanya mpaka huu uwe mgumu kuuona. Akaunti inayojitambulisha kwa cheo cha diwani na kujadili mambo ya kata, kwangu mimi, ni diwani anayezungumza, hata kama aliandika saa sita za usiku akiwa kitandani.

Kura usiyoipenda si utovu wa maadili. Ukosoaji mkali wa sera pia sio, na wapinzani wa diwani kisiasa hawana budi kuvumilia maneno makali kuliko karani anayeandika muhtasari, asiyeweza kusimama kikaoni na kujibu.

Mgongano wa maslahi ni jambo lingine, na ni zito zaidi. Hapa maneno ya watu hayatoshi. Nataka rejista ya maslahi, yaani daftari ambamo diwani huandikisha maslahi yake ya kifedha, orodha ya mahudhurio, na kumbukumbu ya nani alibaki ukumbini zabuni ilipojadiliwa. Pakiwa na dalili ya jinai, nasimama palepale na kukabidhi jalada kwa polisi au chombo cha kuzuia rushwa. Nchini Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 2011 inafanya kuwa kosa la jinai kwa diwani wa England kuficha maslahi ya kifedha bila sababu ya msingi. Ukitangulia kuwahoji watu kienyeji, unaweza kuwaharibia wapelelezi kazi.

Wapo wanaotafuta njia ya mkato. Baraza la Mji wa Ledbury, huko huko England, lilitumia utaratibu wake wa malalamiko ya watumishi kumwekea diwani vizuizi, pamoja na kumwondoa kwenye kamati, bila kupitia mchakato wa kanuni za maadili. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikasema halikuwa na mamlaka hayo, na kwamba diwani hakutendewa haki. Huenda watumishi walikuwa na kilio cha kweli. Njia waliyopitishiwa ndiyo iliyoangusha shauri.

Adhabu hutofautiana. Tume ya Viwango ya Scotland, inayoamua mashauri ya maadili ya madiwani huko, inaweza kumsimamisha diwani hadi mwaka 1, au kumwondolea sifa ya udiwani hadi miaka 5. England haina tena adhabu ya kumsimamisha kwa kuvunja kanuni tangu sheria ile ya 2011, na kwa maoni yangu hilo limewaacha watumishi wanaonyanyaswa bila kinga ya kutosha. Sheria hiyohiyo, hata hivyo, ina kitu chema: baada ya uchunguzi, halmashauri haiamui kabla ya kupata maoni ya mtu huru asiye diwani wala mtumishi wake. Hata pale sheria isipolazimisha, ningeomba mtu wa aina hiyo awepo, maana madiwani wanaomhukumu mwenzao ama ni wa chama chake ama ni wapinzani wake.

Uamuzi ukitoka, barua mbili zitoke siku moja, moja kwa mlalamikaji na moja kwa diwani. Zote zitaje tuhuma kama ilivyoandikwa mwanzo, kifungu kilichotumika, ushahidi uliokubaliwa, na kama kuna nafasi ya rufaa, ni kwa nani na ndani ya siku ngapi.