Katiba ya Marekani Hubadilishwaje, na Majimbo Yana Sauti Gani?

Dhana: Rais akikataa kutia saini, marekebisho ya katiba yamekwama.

Hapa tusilaumiane. Sisi tumezoea kwamba muswada wa kubadili katiba, Tanzania au Kenya, mwisho wake ni mezani kwa Rais. Marekani Rais hana kazi katika jambo hilo. Njia iliyozoeleka ni theluthi mbili ya Seneti na ya Baraza la Wawakilishi kupendekeza, kisha robo tatu ya majimbo kuridhia, yaani 38 kati ya 50. Mahakama ya Juu ilishalikata shauri hilo mwaka 1798. Hata Abraham Lincoln alipotia saini azimio la kukomesha utumwa mwaka 1865, Seneti ilitamka kuwa saini yake haikuhitajika.

Dhana: Marekebisho ya Kumi, yale yanayoyaachia majimbo na wananchi madaraka ambayo serikali kuu haikupewa, yanaizuia serikali kuu kufanya lolote ambalo katiba haikulitaja waziwazi.

Watetezi wa majimbo hupenda kuyasoma hivyo, ila hilo neno "waziwazi" halimo. Lilikuwamo katika mkataba wa kwanza wa muungano, ule ulioanza kutumika mwaka 1781. Mwaka 1789 mbunge Thomas Tudor Tucker wa South Carolina alitaka lirudishwe. James Madison akapinga, likatupwa nje. Unaona ni jambo dogo? Subiri. Mwaka 1819 jimbo la Maryland liliitoza kodi benki iliyoanzishwa na serikali kuu, likidai katiba haikutaja benki popote. Jaji Mkuu John Marshall akalishika neno lile lisilokuwamo: kama halikuandikwa, basi yapo madaraka yanayoeleweka bila kutajwa. Maryland ikashindwa.

Dhana: Haki za raia zilizoongezwa katika katiba mwaka 1791 zilimlinda mtu dhidi ya jimbo lake tangu mwanzo.

Mwulize John Barron. Alikuwa na gati Baltimore, lenye kina kizuri cha kufunga meli. Jiji likajenga barabara na kugeuza mikondo ya maji, mchanga ukashuka na kujaa mbele ya gati lake mpaka meli zikashindwa kukaribia. Akadai fidia, kwa kuwa Marekebisho ya Tano yanakataza mali ya mtu kuchukuliwa kwa matumizi ya umma bila malipo ya haki. Mwaka 1833 Mahakama ya Juu ikamjibu kwamba katazo hilo ni la serikali kuu, halilihusu jimbo wala jiji lake. Akaondoka mikono mitupu.

Kilichogeuza mambo ni Marekebisho ya Kumi na Nne ya mwaka 1868, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, yanayolikataza jimbo kumnyima mtu uhai, uhuru au mali bila utaratibu wa haki wa sheria, na hata hayo hayakufanya kazi kwa mkupuo. Mahakama ilizibandika haki hizo kwa majimbo moja moja: uhuru wa kusema mwaka 1925, haki ya kumiliki silaha ikangoja hadi 2010.

Dhana: Kila marekebisho huyapora majimbo na kuitajirisha Washington.

Yapo yaliyofanya hivyo, kwa kura za majimbo yenyewe. Mwaka 1913 yaliridhia maseneta wachaguliwe na wananchi, ilhali kazi hiyo ilikuwa ya mabunge ya majimbo. Lakini Marekebisho ya Kumi na Moja, ya mwaka 1795, yalikuja kuyakinga majimbo baada ya mahakama kuruhusu jimbo la Georgia lishtakiwe na mtu wa jimbo lingine.

Halafu kuna pombe. Marufuku ya nchi nzima ilifutwa kwa marekebisho ya katiba tarehe 5 Desemba 1933, Utah ilipokuwa jimbo la 36 kuridhia, wakati huo majimbo yakiwa 48. Wengi hudhani siku hiyo baa zilifunguliwa kila mahali. Sivyo: marekebisho yaleyale yalikataza kuingiza pombe katika jimbo kinyume cha sheria zake, hivyo kila jimbo likabaki na uamuzi wake. Mississippi iliendelea na marufuku yake hadi mwaka 1966.