Angina ya Ludwig: uvimbe wa chini ya taya unaoziba pumzi

Angina ya Ludwig ni maambukizi makali ya tishu laini za chini ya taya na chini ya ulimi, yanayosambaa haraka pande zote mbili. Imepewa jina la Wilhelm Friedrich von Ludwig, daktari wa Ujerumani aliyeieleza mwaka 1836.

Chanzo mara nyingi ni gego bovu la chini, hasa la pili au la tatu. Ncha za mizizi ya magego hayo kwa kawaida hufika chini ya pale msuli wa mailohaioidi, ulio sakafu ya kinywa, unapojishikiza kwenye taya. Basi maambukizi yakitoboa mfupa kwa ndani, hayatokezi kinywani ambako yangeonekana mapema, bali hushukia shingoni. Kutoka hapo huzunguka ukingo wa nyuma wa msuli huo, hupanda chini ya ulimi na kuvuka upande wa pili. Mbele kuna mfupa wa taya usiosogea, kwa hiyo ulimi husukumwa juu na nyuma, kuelekea koromeo. Hatari kubwa iko hapo: mgonjwa anaweza kukosa hewa ilhali saa chache tu kabla alikuwa akizungumza nawe.

Daktari anayeanza mafunzo ya upasuaji wa kinywa, taya na uso huvutwa na ukubwa wa shavu. Mimi ningemtaka atazame ulimi kwanza. Shavu linaweza kufura sana kwa jipu la jino na pumzi isiguswe. Mwambie mgonjwa afungue mdomo, atoe ulimi, ameze mate. Ulimi ulioinuliwa, udenda unaotiririka, sauti iliyoziba, mdomo usiofunguka, uvimbe mgumu kama ubao chini ya kidevu, na mtu anayekataa kulala chali: hata chache kati ya hizi zinatosha kuomba msaada. Pumzi yenye mlio huja kwa kuchelewa. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni nacho kinaweza kusoma vizuri huku njia ya hewa ikikaribia kufunga, kwa hiyo kisikutulize hata kidogo.

Mwache akae wima. Mwite bingwa wako na daktari wa usingizi mwenye uzoefu papo hapo, usingoje majibu ya vipimo. Weka kanula (mrija mwembamba wa mshipani), chukua damu ya kuotesha bakteria maabara, anza antibayotiki za mshipa zinazoua pia bakteria wasiohitaji oksijeni, na pima sukari, maana kisukari huukoleza ugonjwa huu. Picha ya CT huonyesha maambukizi yamefika wapi, lakini humlazimu mgonjwa alale chali. Asiyeweza kulala hivyo asipelekwe kabla njia yake ya hewa haijalindwa.

Wala usingoje uvimbe ulainike ndipo upasue. Mwanzoni tishu huwa zimevimba na kukakamaa, pengine bila usaha wowote. Ukipasua ukapata majimaji kidogo tu, kazi imefanyika: shinikizo limepungua. Jino lililoanzisha ling'olewe katika upasuaji huohuo ikiwezekana.

Uvimbe unaweza kuongezeka baada ya upasuaji, ndiyo maana wagonjwa wengi huachiwa mrija wa kupumulia kwa muda. Kabla ya kuutoa, puto la mrija hupunguzwa hewa ili kusikiliza kama pumzi inapita pembeni yake, na anayejua kutoboa koo huwa karibu na vifaa vyake tayari.