Tetesi za kadi za grafiki: zinatoka wapi na zina uzito gani

Tetesi za kadi za grafiki ni taarifa zinazozagaa kuhusu kadi inayochora picha katika kompyuta za michezo kabla mtengenezaji hajaitangaza: jina lake, idadi ya viini vyake (vichakataji vidogo vinavyofanya hesabu), ukubwa wa kumbukumbu, umeme inaotumia, kasi yake na bei yake. Katika soko la kadi za daraja la juu, ambalo kwa miaka mingi limekuwa uwanja wa Nvidia na AMD, tetesi hizo huweza kuanza kusikika mwaka mzima kabla ya kadi yenyewe kufika dukani. Wasomaji wengi huzigawa mafungu mawili, za kweli na za uongo. Mgawanyo huo haumsaidii sana mnunuzi, kwa sababu tetesi inaweza kuwa sahihi kabisa siku ilipotoka na ikawa si sahihi tena siku ya uzinduzi, bila mtu yeyote kusema uongo.

Sababu iko katika namna kadi inavyotengenezwa. Chipu husanifiwa kwa miaka kadhaa, na usanifu wake ukishapelekwa kiwandani, mara nyingi kwa kampuni ya TSMC ya Taiwan, idadi ya viini na upana wa njia ya kumbukumbu (biti ngapi za data hupita kwa wakati mmoja) haviwezi kuongezwa bila kurudi nyuma na kuanza kazi upya. Kinachobaki mikononi mwa mtengenezaji ni kuamua sehemu gani ya chipu iwashwe na sehemu gani izimwe. Kiwango cha umeme na kasi ya saa (mapigo ya chipu kwa sekunde) hukaa katika biosi ya kadi, yaani faili dogo linaloweza kubadilishwa hata wiki ya mwisho. Bei haihitaji hata hilo. Hubadilishwa usiku wa kuamkia uzinduzi, katika slaidi moja. Kwa hiyo uzito wa tetesi hutegemea ugumu wa kukibadilisha kile inachokisema: ikizungumzia chipu, isikilizwe; ikizungumzia bei, isubiriwe.

Mfano ulio wazi ni wa mwaka 2022. Mwezi Februari mwaka huo, kundi la wadukuzi lililojiita Lapsus$ liliiba nyaraka za ndani za Nvidia, na sehemu ya nyaraka hizo ikasambaa. Humo chipu iliyopewa jina la kazi la AD102 ilionekana kuwa na vitengo 144 vya kuchakata, ambavyo kwa viini 128 katika kila kitengo hufanya viini 18,432. Taarifa hiyo ilikuwa sahihi. Hata hivyo RTX 4090, kadi iliyotumia chipu hiyo, ilipoanza kuuzwa mwezi Oktoba, ilikuwa na vitengo 128 tu, sawa na viini 16,384. Chipu kubwa kiasi hicho hutoka kiwandani ikiwa na kasoro hapa na pale, na kuzima vitengo vichache ndiko kunakowezesha nyingi zaidi kuuzwa badala ya kutupwa. Katika miezi hiyo hiyo ilisemekana kwamba kadi hiyo ingetumia wati 600, nayo ikatoka na kikomo cha wati 450. Hata hapo tetesi haikuzushwa hewani, kwani soketi mpya ya umeme iliyowekwa kwenye kadi hiyo inaweza kupitisha wati 600. Aliyeona soketi alikadiria matumizi, na uwezo wa soketi si matumizi ya kadi.

Chanzo cha tetesi nacho kina daraja lake. Cha chini kabisa ni mtu asiyejulikana anayedai kuwa na rafiki kiwandani. Cha juu ni maandishi yaliyoandikwa kwa kazi nyingine: AMD, kwa mfano, huchapisha hadharani programu endeshi zake za mfumo wa Linux, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kuitumia kadi, na wahandisi wake hulazimika kuanza kuingiza chipu mpya mapema ili kadi ifanye kazi siku ya kwanza. Chipu iliyokuja kuwa moyo wa kadi ya AMD iitwayo RX 9070 XT ilionekana humo kwa jina kavu la gfx1201 kabla ya kadi kuwa na jina la dukani. Kati ya hivyo viwili ziko orodha za mizigo inayosafirishwa, matokeo ya vipimo ambayo mtu amesahau kuyaficha, na kampuni kama ASUS, MSI na Sapphire, ambazo hununua chipu na kuunda kadi kamili, hivyo hupewa taarifa mapema kuliko umma.

Picha ya bodi tupu ya saketi, kwa maoni yangu, hushinda kurasa nyingi za maneno. Anayejua kuisoma huhesabu nafasi za chipu za kumbukumbu zinazoizunguka chipu kuu. Kila chipu ya GDDR, aina ya kumbukumbu ya kadi za grafiki, hutumia njia ya biti 32. Nafasi zikiwa 16, njia nzima ni ya biti 512, na kila chipu ikiwa na gigabaiti 2, kumbukumbu ni gigabaiti 32. Hivyo ndivyo ilivyo RTX 5090 ya Nvidia. Hesabu ya namna hiyo haihitaji mnong'ono wa mtu yeyote, na mtengenezaji hawezi kuibadilisha kwa kutuma faili.

Kwa upande wa kasi na bei, ushindani ndio unaoharibu utabiri. AMD ilitangaza RX 5700 XT mwezi Juni 2019 kwa dola 449. Nvidia ikajibu kwa toleo jipya la kadi zake za RTX 2060 na 2070 mwanzoni mwa Julai, na AMD ikashusha bei hadi dola 399 siku mbili tu kabla ya kadi kuuzwa. Januari 2020 mambo yalikwenda mbali zaidi. RX 5600 XT ilikuwa imekwisha kutangazwa kwa dola 279, Nvidia ikashusha RTX 2060 hadi dola 299, na AMD ikatoa biosi mpya iliyopandisha kasi ya kumbukumbu kutoka gigabiti 12 hadi 14 kwa sekunde. Baadhi ya kadi zilikuwa zimekwisha kusafirishwa zikiwa na biosi ya zamani, hata wanunuzi wakalazimika kuibadilisha wenyewe. Ni mtabiri gani angeyajua hayo mwezi mmoja kabla?

Hata tangazo rasmi si neno la mwisho. RTX 4080 ya gigabaiti 12 ilitangazwa Septemba 2022 kwa dola 899, ikaondolewa na Nvidia yenyewe mwezi uliofuata baada ya lawama kwamba jina lake lilifanana mno na la ndugu yake mwenye gigabaiti 16, kisha ikarudi Januari 2023 kwa jina la RTX 4070 Ti na bei ya dola 799.

Madai ya kasi yanahitaji tahadhari ya pekee, ya uvumi na ya jukwaani pia. Katika maonyesho ya teknolojia ya CES ya Januari 2025, Jensen Huang, mkuu wa Nvidia, alisema kwamba RTX 5070 ya dola 549 ingetoa utendaji wa RTX 4090. Dai hilo lilitegemea fremu (picha moja moja zinazounda mwendo) za ziada zinazobuniwa na akili mnemba kati ya fremu halisi. Bila msaada huo, kadi hizo mbili hazikaribiani. Tetesi inayosema "mara mbili ya ile ya zamani" bila kutaja mchezo, ukubwa wa picha na kama fremu za kubuniwa zimehesabiwa, haijasema kitu.

Ushindani ukipungua, tetesi nazo hubadilika. Septemba 2024 AMD ilieleza waziwazi kwamba kizazi chake kijacho hakingeifukuzia kadi ya juu kabisa ya mpinzani, na tangu hapo mazungumzo kuhusu bei ya RTX 5090 yalikosa cha kuizuia isipande: ilitangazwa kwa dola 1,999, wakati ile iliyotangulia ilikuwa dola 1,599. Ngazi moja chini, mchezo wa kuviziana uliendelea. AMD ilikuwepo CES mwezi ule wa Januari lakini haikutaja bei ya RX 9070 XT. Iliisubiri Nvidia itangaze na kuuza RTX 5070 Ti kwa dola 749, na tarehe 28 Februari ikataja bei yake: dola 599.