Kabla hujanunua shamba Tabora, tembea mteremko mzima

Watu wengi hunitumia picha za udongo kwa simu, wakitaka niwaambie kama shamba walilooneshwa linafaa. Picha huwa ya kiganja kilichojaa udongo, basi. Nami huwajibu kwa swali: hapo uliposimama, maji ya mvua yanatoka upande gani na yanaelekea wapi? Kwa mkoa wa Tabora, jibu la swali hilo hunisaidia kuliko rangi ya kilichomo kiganjani.

Sehemu kubwa ya mkoa huu imekaa juu ya mwamba wa matale (graniti) uliooza taratibu kwa muda mrefu mno, kwenye uwanda ulio kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Ukipita barabarani unaiona nchi kama tambarare, lakini sivyo. Kuna miinuko mirefu isiyo mikali, inayoshuka polepole hadi mbugani, yaani bondeni kwenye mfinyanzi mweusi. Mvua za miaka mingi zimekuwa zikiosha chembe laini za mfinyanzi na chumvi kutoka juu na kuzishusha chini, zikiacha mchanga wa chembe kubwa huko juu. Kwa hiyo mtu anaweza kutembea kilomita moja au mbili kutoka kileleni hadi mbugani akapita aina nne za udongo, zote zimezaliwa na mwamba uleule. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, aliueleza mpangilio huu miaka ya 1930 baada ya kuchunguza udongo wa Afrika Mashariki, na leo unafundishwa vyuo vikuu duniani kote kwa jina la katena. Wakulima wa Unyamwezi na Usukuma wao walikuwa wameshaipa kila hatua ya mteremko jina lake: luseni juu, itogolo chini yake, kisha ibambasi, na mwisho mbuga.

Nianze na luseni, maana ndiko wengi wanakolima na ndiko hasara inakotokea.

Huu ni udongo wa kichanga, mwepesi kwa jembe, rangi ya kijivu au kahawia hafifu, na kiasili umefunikwa na miombo. Kasoro yake ya kwanza ni maji. Mita moja ya kina cha mchanga wa namna hii hushika takribani milimita 70 za maji ambayo mmea unaweza kuyanywa. Mizizi ya mahindi ikiishia sentimita 60, akiba ni kama milimita 42. Mahindi yanayotoa mbelewele hunywa milimita 5 hadi 6 kwa siku. Piga hesabu: ni wiki moja tu. Sasa kumbuka kwamba mvua zetu, zinazoanza Novemba na kuisha Aprili, mara nyingi hukatika Januari au Februari. Mahindi yaliyo kwenye tifutifu yenye mfinyanzi, yenye mizizi ya mita moja, yanaweza kuvumilia wiki tatu au zaidi. Ya luseni yanakunja majani siku ya nane. Jirani wawili wanaopata mvua ileile wanaweza kuvuna tofauti kabisa kwa sababu hiyo peke yake, na inanisikitisha kuona anayekosa akilaumiwa kuwa mvivu.

Kasoro ya pili ni chakula cha mmea. Mchanga wenyewe ni kwatsi, madini magumu kama kioo, haushiki virutubisho. Kinachovishika kwenye luseni ni mboji, na mboji hiyo ilijengwa na majani ya miombo. Ukifyeka msitu na kuchoma, msimu wa kwanza shamba linapendeza kwa sababu ya majivu. Baada ya misimu michache jua na jembe vimeshaimaliza mboji, mbolea ya urea inayomwagwa kwa mkupuo mmoja inateremka na mvua kubwa chini ya mizizi, na mkulima anasema udongo umechoka. Kisha anahamia kipande kingine cha msitu. Namna hii tumepoteza miombo mingi Urambo, Kaliua na Sikonge, ukijumlisha na kuni za kukaushia tumbaku. Linaniuma, kwa sababu kinachohitajika hapo mara nyingi si eneo jipya. Ni samadi ya ng'ombe, ambao wapo wengi katika mkoa huu, na mbolea ya kukuzia iliyogawanywa mara mbili badala ya moja.

Hata hivyo luseni si udongo mbaya. Inategemea unataka nini. Tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa joto la moto banini, inaupenda kwa sababu naitrojeni yake ni ndogo: jani likishakua, chakula kinapungua, nalo linaiva na kuwa la njano vizuri. Panda tumbaku hiyohiyo kwenye udongo mnono, jani litabaki kijani na zito, na bei itaanguka. Karanga nazo zinataka udongo mwepesi ili vishikio vyake, vile vijiti vinavyotoka kwenye ua na kuingia ardhini, vizame na mavuno yang'oke bila kukatika, ila mchanga uliopungukiwa kalsiamu hutoa maganda matupu. Hapo jasi kidogo kwenye mstari wakati wa maua hubadilisha mambo. Mihogo inavumilia. Viazi vitamu vinafanikiwa kwenye matuta, na matuta ya Kinyamwezi, yale ambayo nyasi na mabua hufukiwa ndani yake, ni elimu ya udongo ya hali ya juu: yanarudisha mboji palepale mizizi ilipo. Michembe na matobolwa, yaani viazi vilivyokaushwa, tunavyokula kiangazi vimetoka humo.

Jambo moja la kuangalia luseni ni minyoo fundo, vijidudu vya udongoni vinavyoshambulia mizizi. Hustawi kwenye mchanga, na tumbaku ikirudiwa mwaka hadi mwaka mizizi hujaa vinundu. Mzunguko na karanga hupunguza.

Ukishuka, unakutana na itogolo na ibambasi, na hapa ndipo wanunuzi hudanganyika. Juu unaona kichanga cha kawaida, labda sentimita 20 au 30. Chini yake kuna tabaka gumu la kijivu, mfinyanzi uliojaa sodiamu, ambao chembe zake hubanana hadi maji hayapiti wala mzizi. Kiangazi sururu inadunda. Masika maji yanatuama juu na mahindi yanageuka njano huku miguu yake ikiwa majini, halafu mvua ikikatika wiki mbili yanakauka kwa kiu. Mtu huongeza mbolea, haisaidii. Lakini tabaka hilohilo linalomtesa mwenye mahindi ni faida kwa mwenye mpunga: jenga majaruba, maji hayapotei chini, unavuna. Mpunga mwingi wa Igunga na Nzega unatoka sehemu kama hizi na mbugani.

Mbuga yenyewe ni mfinyanzi mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, nyufa zinazoweza kumeza mkono mzima. Dalili yake porini ni migunga, hasa ile midogo yenye vinundu wanamokaa sisimizi. Udongo huu una kalsiamu nyingi na virutubisho vya kutosha, na watu huona weusi wakadhani ni mboji. Weusi wa mbuga hauna maana hiyo. Mboji yake mara nyingi ni ya wastani tu. Shida kubwa ni muda: ukiwa mkavu jembe haliingii, ukilowa trekta inazama, na siku za kulimika katikati ni chache. Mpunga, ndiyo. Dengu zinazopandwa mvua zikiishia na kukua kwa unyevu uliobaki, ndiyo. Nyumba, hapana, ukuta utapasuka.

Usivisahau vichuguu. Mchwa hupandisha mfinyanzi na kalsiamu kutoka chini, na ndiyo sababu mahindi yaliyo juu ya kichuguu cha zamani hukolea kuliko ya pembeni. Wapo wanaokibomoa na kukisambaza luseni. Wanafanya vyema.

Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947 walichagua Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakipanga kulima mamilioni ya ekari. Kule Kongwa udongo wenye mfinyanzi uligeuka mgumu kiangazi kiasi kwamba karanga hazikung'oleka na majembe ya matrekta yaliisha haraka. Mradi ulifutwa mwaka 1951. Urambo, yenye mchanga mwepesi, ilipata maisha mengine ya tumbaku. Mitambo ilifika kabla udongo haujachunguzwa ipasavyo.

Ndugu zangu wa Kigoma wanaoniuliza kama haya yanawahusu: kwa Nguruka na bonde la Malagarasi, kwa sehemu. Kwa milima ya Kasulu na Buhigwe, hapana. Kule mna udongo mwekundu, wenye kina na unaopitisha maji vizuri, lakini una uchachu, na chuma chake hukamata fosiforasi mmea usiipate. Maharage hapo yanahitaji chokaa ya kilimo au mbolea ya Minjingu, ya mwamba wa fosfati, ambayo huyeyuka vizuri zaidi kwenye udongo mchachu, kabla ya kufikiria urea.

Basi ukioneshwa shamba, nenda na sururu, tembea kutoka juu hadi chini, na chimba shimo la mita moja katika kila sehemu inayoonekana tofauti. Lowesha udongo wa kina cha sentimita 50, uusokote kati ya kidole gumba na shahada: usiposhikamana ni mchanga, ukitoa utepe mrefu ni mfinyanzi. Ukikuta madoa ya kijivu na kutu, maji hutuama hapo. Ukigonga tabaka gumu au changarawe ya moramu, pima liko kina gani, maana hapo ndipo shamba lako linapoishia.

Kwa maabara, chota kina cha sentimita 0 hadi 20 kwa kuzunguka kizigizagi sehemu 15 hivi, ukiepuka vichuguu, zizi la zamani na palipochomwa mkaa. Changanya, kausha kivulini, funga nusu kilo. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na kituo cha Mlingano, Tanga, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) wanapima. Usichanganye udongo wa juu ya mteremko na wa chini katika mfuko mmoja. Utapewa wastani wa mashamba mawili yasiyofanana, na ushauri wa mbolea usiofaa lolote kati yake. Andika kwenye kila mfuko: juu, katikati, au mbugani.